Muuguzi wa Milimani: Maisha ya Bibi Mary Breckinridge

1. Mama aliye mbali

Ndugu msomaji, hebu fikiri juu ya mama mjamzito anayeishi mbali na hospitali. Usiku uchungu unamshika. Mvua inanyesha, mto umejaa, na njia haipitiki. Hospitali iko mjini, lakini mji uko mbali. Daktari hodari yuko huko huko mjini. Je, mama huyu atasaidiwa na nani?

Huenda unamfahamu mama wa namna hiyo. Huenda wewe mwenyewe umewahi kuwa katika hali hiyo, au umewahi kukimbia usiku kumtafutia mkeo msaada. Basi ujue kwamba miaka 100 hivi iliyopita akina mama kama hao walikuwako pia Marekani. Watu wengi hudhani kuwa nchi hiyo ilikuwa ya matajiri watupu tangu zamani. Sivyo. Katika milima ya jimbo la Kentucky wanawake walijifungulia majumbani mwao, bila daktari na bila muuguzi. Baadhi yao walikufa, na watoto wengi walikufa.

Katika masomo haya utasoma habari za mwanamke aliyekwenda kuwahudumia watu hao. Jina lake ni Mary Breckinridge. Utaona jinsi alivyotafuta wauguzi, jinsi alivyowapoteza, na jinsi alivyoanzisha shule. Mwishoni utaona jambo la ajabu kidogo. Shule hiyo imefikia hatua ya kumfuata mwanafunzi kijijini kwake.

2. Mtoto wa watu wakubwa

Mary alizaliwa tarehe 17 Februari 1881, katika mji wa Memphis, Marekani. Jamaa zake walikuwa watu wenye vyeo. Babu yake, John Breckinridge, alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia mwaka 1857 hadi 1861. Baba yake alikuwa mbunge, na baadaye akawa balozi wa Marekani nchini Urusi. Hivyo Mary aliishi Urusi akiwa msichana, akasoma Uswisi, na kisha akasoma tena kwao Marekani.

Katika siku hizo msichana wa ukoo kama huo hakutazamiwa kufanya kazi. Alitazamiwa aolewe, atunze nyumba, na apokee wageni. Mary naye alifuata njia hiyo. Mwaka 1904 aliolewa na mwanasheria. Lakini mume wake aliugua ugonjwa wa kidole tumbo, akafa mwaka 1906. Mary akawa mjane akiwa na umri wa miaka 25.

Badala ya kukaa tu nyumbani kwa wazazi wake, aliamua kujifunza kazi. Mwaka 1907 aliingia shule ya uuguzi katika Hospitali ya St. Luke's, mjini New York. Alihitimu mwaka 1910.

3. Misiba miwili

Mwaka 1912 Mary aliolewa tena. Mume wake alikuwa mkuu wa chuo cha wasichana katika jimbo la Arkansas. Mwezi Januari 1914 walipata mtoto wa kiume. Wakampa jina la Clifton, lakini nyumbani walimwita Breckie. Mary alimpenda sana mtoto huyo. Aliandika habari za kukua kwake, jinsi alivyokula, alivyolala na alivyocheza.

Mwaka 1916 alijifungua mtoto wa kike, Polly. Mtoto huyo alizaliwa kabla ya siku zake kutimia, akaishi saa chache tu. Kisha mwezi Januari 1918 Breckie aliugua ghafla, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 4.

Ndugu msomaji, mzazi aliyezika mtoto anajua uzito wa jambo hili. Mary alikuwa muuguzi. Alikuwa na fedha. Alikuwa na madaktari karibu. Hata hivyo watoto wake wote wawili walikufa. Alijiuliza, je, wale wasio na chochote wanapata msiba huu mara ngapi? Tangu siku hiyo alikusudia kutumia maisha yake yote kwa ajili ya afya ya watoto wadogo. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1920, akarudia kutumia jina la ukoo wake, Breckinridge.

4. Alichokiona Ufaransa

Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha mwaka 1918. Sehemu za kaskazini ya Ufaransa zilikuwa zimeharibika kabisa. Nyumba zilibomolewa, mashamba yalijaa mashimo ya mizinga, na ng'ombe walikuwa wameisha. Mary alikwenda huko na kikundi cha Wamarekani cha kuwasaidia wananchi.

Aliwakuta watoto wengi wakiwa dhaifu kwa kukosa maziwa. Akawaandikia rafiki zake wa Marekani, akawaomba wachange fedha za kununua mbuzi wa maziwa. Fedha zilikuja, mbuzi wakanunuliwa, na watoto wakapata maziwa. Pia alianzisha mpango wa wauguzi wa kutembelea vijiji, nyumba kwa nyumba.

Lakini jambo kubwa alilojifunza Ufaransa lilikuwa jingine. Huko alikutana na wauguzi kutoka Uingereza ambao walikuwa wakunga pia. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kuuguza wagonjwa na kuzalisha akina mama. Kwao Marekani mambo hayakuwa hivyo. Muuguzi alijifunza uuguzi tu, na mkunga alikuwa mtu mwingine. Mary aliona kwamba muuguzi mkunga ndiye anayefaa hasa kwa watu wa vijijini. Mama akijifungua, yupo. Mtoto akiugua, yupo. Babu akijikata na shoka, yupo.

5. Safari ya milimani

Mary aliporudi Marekani alichagua kufanya kazi katika milima ya Kentucky. Sababu yake ilikuwa hii: kama mpango wake ukifaulu mahali pagumu kama pale, utaweza kufaulu mahali popote.

Hakuanza kwa kujenga. Alianza kwa kuuliza. Katika kiangazi cha mwaka 1923 alipanda farasi, akapita milimani kwa wiki nyingi. Njia zenyewe zilikuwa mito na vijito, kwani hapakuwa na barabara. Aliwatembelea wakunga wa jadi zaidi ya 50, akawauliza juu ya kazi yao. Wengi wao walikuwa wazee. Wengine hawakujua kusoma wala kuandika. Walikuwa tayari kwenda kwa mgonjwa saa yoyote, lakini hawakuwa wamefundishwa usafi wa kitaalamu, wala hawakujua la kufanya damu ilipotoka nyingi. Mary aliwauliza pia akina mama, akaona jinsi walivyo na haja.

Baada ya hapo alifanya jambo la kukumbukwa na kila mtu mzima anayesoma. Alirudi shuleni. Yeye mwenyewe alikuwa muuguzi, lakini hakuwa mkunga. Wakati huo ilikuwa vigumu sana kupata shule ya Marekani ya kumfundisha muuguzi kazi ya ukunga. Basi alivuka bahari, akaenda London kujifunza ukunga katika hospitali ya akina mama na watoto. Umri wake ulikuwa umepita miaka 40. Alisoma, akafanya mtihani, akapata cheti.

Mwaka 1924 alikwenda Scotland. Huko aliona jinsi wauguzi walivyowekwa katika vituo vidogo vidogo milimani na visiwani, huku hospitali ikiwa katikati. Akasema moyoni kwamba mpango huo ndio atakaoupeleka Kentucky.

6. Kazi inaanza

Tarehe 28 Mei 1925 Mary aliwakusanya watu katika mji mkuu wa Kentucky, wakaunda kamati ya kuwasaidia akina mama na watoto. Mwaka 1928 kamati hiyo ilibadilishwa jina, ikaitwa Frontier Nursing Service. Maana yake ni huduma ya wauguzi wa mpakani, yaani mahali ambapo huduma nyingine hazijafika.

Kazi ilianza mwaka 1925 katika mji mdogo wa Hyden, wilaya ya Leslie. Katika miaka ya mwanzo Mary alitoa fedha zake mwenyewe. Karibu na Hyden alijenga nyumba kubwa ya magogo, akaiita Wendover. Nyumba hiyo ikawa makao yake na ofisi yake.

Kisha vituo vikajengwa. Kila kituo kilikuwa na wauguzi wakunga wawili. Wao waliwahudumia watu waliokaa karibu kilomita 8 kila upande. Hospitali ndogo ilifunguliwa Hyden mwaka 1928. Baada ya miaka michache vituo hivyo vilihudumia eneo la kilomita za mraba 1,800 hivi.

Je, watu walilipaje? Familia ililipa dola 1 kwa mwaka. Kwa uzazi ililipa dola 5, na hizo zilihesabu matunzo ya ujauzito, kuzalishwa, na kutazamwa baada ya kuzaa. Wengi hawakuwa na fedha. Hao walileta kuku, mayai, kuni, au majani ya kulisha farasi. Wengine walijitolea kufanya kazi ya mikono, kama kujenga ua au kutengeneza paa. Watu wa milimani hawakupenda kupewa vitu vya bure kama maskini. Kwa kuleta walichonacho waliona kwamba kituo ni chao.

7. Siku ya muuguzi

Sasa tazama kazi ya muuguzi ilivyokuwa. Asubuhi alimlisha farasi na kumtandika. Juu ya tandiko alifunga mifuko miwili ya ngozi. Mmoja ulikuwa na vifaa vya uzazi. Mwingine ulikuwa na dawa na vifaa vya ugonjwa wa kawaida. Akapanda, akaondoka, akavuka maji.

Mama mjamzito aliandikishwa mapema. Muuguzi alimtembelea mara kwa mara, na kila mimba ilipokua alizidisha safari. Alipima, aliandika, na alilinganisha na maandishi ya zamani. Akiona dalili ya hatari alimpeleka mama hospitalini au alimwita daktari kabla mambo hayajaharibika. Mama alipokwisha kujifungua, muuguzi alikuja kila siku kwa siku 10 ili kumtazama yeye na mtoto.

Kulikuwa na desturi moja. Mume akija usiku kumwita muuguzi, muuguzi hana budi kwenda. Kama mume ameweza kuipita njia ile, muuguzi naye ataipita.

Wauguzi hawakuishia kwenye uzazi. Walichanja watoto na watu wazima kuzuia ndui, homa ya matumbo na dondakoo. Walifundisha watu kuchimba vyoo na kulinda visima. Walifunga vidonda. Walitoa dawa za minyoo.

Hapo pakatokea swali. Muuguzi yuko peke yake mlimani, na daktari yuko mbali. Je, ana ruhusa ya kutoa dawa? Mary hakutaka kila muuguzi afanye apendavyo. Aliunda kamati ya madaktari, nao wakaandika kitabu cha maagizo. Kitabu kilieleza: ukiona dalili hizi, fanya hivi, ukiona dalili zile, mpeleke mgonjwa kwa daktari bila kukawia. Kwa njia hiyo muuguzi alifanya mengi, lakini alijua pia mpaka wake. Likumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia.

8. Hesabu haidanganyi

Mary alijua kwamba watu watasema mengi. Wengine watasifu, wengine watapinga. Kwa sababu hiyo aliagiza kila kitu kiandikwe: kila ziara, kila uzazi, kila kifo. Kisha aliwapa watu wengine maandishi hayo wayachunguze.

Mwaka 1932 mtaalamu wa hesabu wa kampuni kubwa ya bima, Bwana Louis Dublin, alichunguza uzazi 1,000 wa kwanza. Alikuta kwamba katika uzazi huo wote hapakuwa na mama hata mmoja aliyekufa kwa sababu ya uzazi wenyewe. Wakati ule katika Marekani yote akina mama wengi walikuwa wakifa wanapojifungua, hata mijini penye hospitali kubwa. Lakini milimani, katika nyumba za magogo, kwa taa ya mafuta, akina mama walikuwa wanapona.

Usifikiri kwamba kazi ilikuwa rahisi. Mwaka 1930 ukame mkali uliikumba Kentucky. Wakati huo huo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na wafadhili wengi wakapoteza mali zao. Mwezi Novemba 1931 Mary mwenyewe alianguka kutoka kwenye farasi, akavunjika mfupa wa mgongo. Tangu hapo alivaa kifaa cha chuma cha kuutegemeza mgongo. Hata hivyo aliendelea na kazi. Alisafiri kwenda mijini kuwaomba watu fedha, akaandika barua nyingi, akasimamia hesabu.

9. Wauguzi wanaondoka

Kulikuwa na udhaifu mmoja katika mpango huu. Wauguzi wakunga wengi walitoka Uingereza. Wengine walikuwa Wamarekani, lakini nao ilibidi wapelekwe Uingereza kusoma. Maana yake ni kwamba chemchemi ya maji ilikuwa kwa jirani. Siku jirani akiziba, nyumba yako inakauka.

Siku hiyo ilifika mwaka 1939. Vita Kuu ya Pili ilianza Ulaya. Wauguzi wengi wa Kiingereza waliona wajibu wao ni kurudi kwao. Na Wamarekani hawakuweza tena kwenda London kusoma. Je, nani sasa atapanda farasi? Nani atakwenda kwa mama usiku?

Mary hakungoja. Tarehe 1 Novemba 1939 shule ya ukunga ilifunguliwa Hyden. Ilianza na wanafunzi wawili tu. Wanafunzi hao walikuwa wauguzi tayari. Walijifunza darasani, na walijifunza pia kwa kufuatana na wauguzi wakongwe milimani. Walilala katika vituo, wakavuka mito ile ile, wakazalisha akina mama katika nyumba zile zile. Aliyehitimu hapo hakuhitaji kuambiwa maisha ya kijijini yakoje. Alikuwa ameyaishi.

Shule hiyo haikufungwa vita vilipokwisha. Iliendelea mwaka hata mwaka.

10. Kasoro zake

Ndugu msomaji, si vema kusoma habari za mtu mashuhuri na kuonyeshwa mazuri tu. Mary Breckinridge alikuwa na kasoro, na nyingine ilikuwa kubwa. Katika nchi yake wakati huo watu weusi walitengwa na watu weupe. Mary alikulia katika desturi hiyo na hakuivunja. Hakuwapokea wauguzi weusi katika kazi yake, ingawa walikuwako wenye elimu na moyo wa kufanya kazi. Waliumizwa wauguzi hao, na waliumia pia wagonjwa ambao wangepata huduma yao. Miaka mingi baadaye shule aliyoianzisha ilikiri kosa hilo, na leo inawapokea wanafunzi wa kila rangi.

Tena, Mary aliwadharau kidogo wakunga wa jadi. Alikuja kuuliza maarifa yao, lakini mpango wake ulikuwa kuwaondoa katika kazi. Hakufikiri sana juu ya kuwafundisha. Unaweza kujadili jambo hili darasani. Je, katika kijiji chenu ingefaa kufanya hivyo?

11. Shule inamfuata mwanafunzi

Mary Breckinridge alifariki katika nyumba yake ya Wendover tarehe 16 Mei 1965. Alikuwa na umri wa miaka 84. Alikuwa ameongoza kazi hiyo kwa karibu miaka 40.

Katika mwaka huo huo wa 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianzisha mafunzo ya namna mpya. Walimfundisha muuguzi kumpima mtoto, kutambua ugonjwa, na kumtibu. Unaona? Ni jambo lile lile walilolifanya wauguzi wa farasi kwa kitabu chao cha maagizo. Sasa lilikuwa linafundishwa chuoni.

Mwaka 1970 shule ya Hyden nayo ilianza kufundisha wauguzi wa familia. Muuguzi wa familia ni muuguzi aliyeongeza elimu. Anaweza kumhudumia mtoto mchanga, mama, baba na mzee. Anampima mgonjwa, anatafuta ugonjwa, anatoa dawa, na anajua ni wakati gani wa kumpeleka kwa daktari.

Lakini palikuwa na tatizo. Ili kupata elimu hiyo, muuguzi wa kijijini alipaswa kuacha kazi, kuacha watoto, na kwenda chuoni miaka miwili au zaidi. Wengi hawakuweza. Na wengine walioweza kwenda hawakurudi tena, kwani waliuzoea mji. Hivyo kijiji kilimpoteza muuguzi kwa sababu ya kumwelimisha.

Mwaka 1989 shule ilianza njia nyingine kwa wauguzi wakunga. Mwanafunzi alibaki kwao. Vitabu na masomo vilimfuata nyumbani. Alisoma usiku baada ya kazi, akafanya mazoezi, akawaandikia na kuwapigia simu walimu wake. Alikwenda Hyden kwa siku chache tu, kwa ajili ya mafunzo ya vitendo na kupimwa.

Je, mtu anaweza kujifunza kuuguza kwa kusoma vitabu nyumbani? Kwa vitabu peke yake, hawezi. Kwa hiyo kila mwanafunzi alitafutiwa msimamizi karibu na kwao, yaani muuguzi au daktari mwenye ujuzi aliyekubaliwa na shule. Chini ya msimamizi huyo aliwahudumia wagonjwa kwa mamia ya saa. Msimamizi alimtazama, alimsahihisha, na aliandika kama amefaulu.

Mwaka 1999 njia hiyo ilianza kutumika kwa wauguzi wa familia pia. Baadaye mafunzo yalipandishwa, na wanafunzi wakaanza kupewa shahada ya pili, yaani shahada inayofuata baada ya ile ya kwanza ya chuo kikuu. Mwaka 2011 shule iliitwa chuo kikuu: Frontier Nursing University. Makao yake yamehamishwa kutoka Hyden, yako katika mji wa Versailles, huko huko Kentucky. Siku hizi masomo hupelekwa kwa intaneti badala ya posta, na wanafunzi wametawanyika katika majimbo mengi ya Marekani. Mwanafunzi akimaliza hufanya mtihani wa taifa. Asipofaulu hapewi leseni, hata kama amesoma kwa bidii namna gani.

12. Tunajifunza nini?

Tumeona mambo matatu yakifuatana. Kwanza, wauguzi waliletwa kutoka mbali, nao wakaondoka. Pili, shule ilijengwa mahali penye haja. Tatu, shule ilitoka nje ya kuta zake ikamfuata mwanafunzi. Farasi wa Mary aliipeleka huduma kwa mama aliye mbali. Masomo ya nyumbani yanapeleka elimu kwa muuguzi aliye mbali. Kazi ni moja.

Labda utasema kwamba habari hizi ni za wasomi wakubwa, wala hazikuhusu. Lakini angalia vizuri. Wewe pia hukuacha shamba lako ili ujue kusoma. Darasa lilikuja kijijini, nawe unasoma baada ya jembe au baada ya jiko. Taa ni ndogo, mwili umechoka, na watoto wanaita. Muuguzi wa familia anayesoma kwao usiku anajua taabu hiyo hiyo. Naye Mary, akiwa mjane aliyezika watoto wawili, alikaa tena kwenye dawati akiwa amepita miaka 40.

Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba umechelewa. Na kijana wenu akipata nafasi ya kusomea uuguzi, msimsaidie kwa nauli tu. Jiulizeni pia ni nini kitakachomwezesha kurudi: nyumba ya kukaa, maji, njia, na heshima ya wanakijiji. Watu wa milimani walileta kuku na kuni, wakajenga ua wa farasi. Muuguzi akaona kwamba anatakiwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Mary aliamua kuwahudumia watoto na akina mama?
2. Kabla ya kuanza kazi Kentucky alifanya nini kwanza? Je, alifanya vema?
3. Watu wa milimani walilipaje huduma? Kwa nini hawakupenda kupewa bure?
4. Kitabu cha maagizo kilimsaidiaje muuguzi aliye peke yake?
5. Ni faida gani muuguzi kusoma bila kuhama kijijini kwake? Kuna shida gani?
6. Kutoka kijijini kwenu hadi zahanati ni kilomita ngapi? Mama akishikwa na uchungu usiku wa leo, mtamfikishaje? Andikeni mpango wenu.